Wageni Niliowafagilia Uwanja

Siku ile tulikuwa watano kwenye mgahawa wangu pale mwaloni Mugango, hatua chache kutoka mitumbwi inapoteremsha samaki. Nilikuwepo mimi, Nyangeta, nikigeuza sato kwenye karai. Alikuwepo Majura, fundi wa nyavu, amekaa chini na wavu umemfunika miguu yote miwili kama shuka. Alikuwepo Mzee Wambura, askari mstaafu, juu ya kiti cha plastiki ambacho mtu mwingine hakukikalia hata kikiwa wazi. Alikuwepo Mama Tabitha, ambaye alikuwa ananimenyea mihogo kwa sababu mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeungua mafuta. Na alikuwepo mume wake, Katekista Mafuru, aliyekuja kunywa uji na alikuwa amefika nusu ya kikombe. Mdogo wangu Bwire, ambaye habari hii ni yake kuliko ya mtu yeyote, alikuwa Musoma kazini. Mdogo wetu wa mwisho, Nyabweke, alikuwa shuleni. Majura baadaye alihamia visiwani na sijui kama angali hai. Mzee Wambura alifariki. Katekista tumemzika mwezi uliopita. Kwa hiyo hapa Mugango wanaojua kilichosemwa siku ile tumebaki wanawake wawili, na mmoja wetu ndiye aliyeanza kukisema.

Kwenye mazishi Bwire alikuja, maana asingekuja angeonekana. Alisimama kwenye ua wa minyaa, mbali na kaburi, mikono mifukoni. Wakati wa kutupa udongo ulipofika, watu wakipita mmoja mmoja, yeye aliinama kukagua tairi la pikipiki yake kana kwamba lina pancha. Nyabweke, ambaye siku hizi ni mwanajeshi na alikuwa ameomba ruhusa ya siku mbili kuja kuzika, aliniegemea sikioni. "Dada, Kaka ana nini?" Nikamwambia ni jua. Lilikuwa ni wingu tupu.

Ya wazazi wetu sitayaeleza hapa. Itoshe kusema kwamba nikiwa kidato cha pili nilirudisha vitabu vya shule, nikawa mama wa watoto wawili ambao sikuwazaa. Ninachotaka kukieleza ni mwaka mmoja tu, mwaka ambao droni iliingia nyumbani kwetu. Ilikuja Jumapili, ndani ya begi la mgongoni, imeviringishwa kwa khanga ya mtoto mchanga. Bwire alikuwa amemaliza kidato cha nne, amekaa, amevua, amebeba mizigo, hatimaye akapata kazi kwa mpiga picha za harusi Musoma. Studio yao niliwahi kuingia. Kilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya nyaya zilizopata moto, ukutani limening'inia turubai lililochorwa maporomoko ya maji, na nyuma ya turubai kulikuwa na godoro la Bwire, sufuria moja na ndoo ya maji. Hapo ndipo alipojifunza kurusha. Tajiri wake alikuwa mtu mnene asiyependa kusimama juani, kwa hiyo kazi ya kuirusha ile mashine ilimwangukia Bwire.

Jumapili hiyo aliirusha kwenye uwanja wa kanisa, kabla watu hawajamaliza kutoka. Ilinguruma kama nyuki waliochokozwa, ikapanda, ikawa nukta. Akanipa nishike kile kioo chake. Nikaona paa langu. Nilikuwa nimelala chini ya paa hilo miaka yote na sikujua kwamba upande wa nyuma limeoza kutu hadi limekuwa rangi ya chai. Nikaona dagaa wameanikwa ufukweni, wanametameta kama kitambaa cha bibi harusi. Nikaona mtu mdogo sana amesimama uwanjani na mkono kichwani, nikauliza, "Huyu ni nani anashangaa hivi?" Bwire akacheka. "Ni wewe, Dada." Nilinyanyua uso kuitafuta ile mashine, na kwenye kioo yule mtu naye akanyanyua uso. Sijui kama nimewahi kushangaa kuliko siku ile. Katekista Mafuru yeye hakufurahi. Alitoka kanisani na joho lake mkononi, akasema taratibu, "Bwire mwanangu, usiirushe tena juu ya watu wanaosali. Wananyanyua macho, lakini hawaniangalii mimi wala Mungu." Watu wakacheka. Bwire hakucheka, na hilo nililiona.

Miezi michache baadaye ilikuwepo harusi Butiama. Mimi sikualikwa, nilikodiwa kupika. Mpishi wa harusi husikia mengi kuliko mgeni, kwa sababu watu hufikiri moshi umemziba masikio. Mchana upepo ulivuma, maturubai yakaanza kupiga makofi, na droni ya Bwire ikayumba juu ya miti kama mtu aliyelewa. Tajiri wake alipiga kelele. Bwire aliishusha kidogo kidogo, akanyoosha mkono, ikatua kwenye kiganja chake kama kuku aliyefugwa. Hapo mzee mmoja aliyekuwa ameketi na upande wa bwana harusi, amevaa suti ya kaunda, aliacha sahani yake yenye nyama, nyama nzuri niliyoikaanga mwenyewe, akaja kusimama karibu na masufuria yangu.

"Nani kakufundisha?"

"Nimejifunza mwenyewe, afande."

"Umejuaje mimi ni afande?"

"Watu wengine wote wameshika simu. Wewe umeangalia upepo."

Yule mzee alicheka hadi akashika kiuno. Alikuwa mwenyeji wa Bunda, amekuja likizo. Akamwuliza elimu yake, akamwuliza umri. "Mwaka huu ndiyo mwisho wako," alisema. "Ukipita huu, hawakuchukui. Jeshi linatafuta vijana wa kitengo cha ndege hizi. Lete vyeti vyako." Nilipakua pilau kwenye sahani ya mtu hadi ikamwagika.

Habari zilitangulia kufika Mugango kabla yetu. Kwetu Mara mtoto kuingia jeshini si jambo geni, kila ukoo una wake. Lakini hii ilikuwa namna mpya, na watu hawakujua waiheshimu kiasi gani. Wavuvi walianza kumlipia Bwire soda. Mwalimu mkuu alimwita aongee na wanafunzi wa darasa la saba, na kesho yake watoto wote walikuwa na droni za ndala zilizokatwa na vijiti. Wasichana waliokuwa wanapita mgahawani bila kusalimia walianza kuniita wifi. Hata mimi nilibadilika. Nilijikuta nasema "mdogo wangu rubani" mahali ambapo hakuna aliyeniuliza, kwa muuza vocha, kwa daktari wa mifugo. Na jina hilo, rubani, ndilo lililoleta mjadala mkubwa kuliko yote mgahawani. Mzee Wambura alimsubiri Bwire aje Jumamosi, aketi, anawe mikono, atie tonge la kwanza mdomoni.

"Mura, kijana wangu, hiyo ndege serikalini inaitwaje?"

"Ndege isiyo na rubani, mzee."

"Na wewe utakuwa nani humo?"

"Rubani."

"Rubani wa ndege isiyo na rubani." Mzee aligeukia watu. "Mmemsikia? Ni kama kuwa mume wa mwanamke asiye na mume."

"Wapo hao," alisema Mama Tabitha bila kuinua kichwa kwenye mihogo. "Na mmoja tumekaa naye hapahapa kwenye moshi."

Mgahawa ulilipuka. Mzee Wambura, mgane kwa miaka mingi na mtu wa ziara za jioni, alikubali kicheko kile kama mtu anayepokea chenji yake. Bwire alisogeza sahani, akachukua sinia akaligeuza. Sinia likawa nchi, kijiko kikawa ndege, na mifupa mitatu ya sato ikawa watu watatu waliokaa chumbani mbali kabisa na sinia. Mfupa wa kwanza unaendesha, wa pili unaangalia kamera, wa tatu unaongea na wakubwa. Chumba kina kiyoyozi, alisema, hadi wanavaa makoti. Mzee Wambura aliuliza kama chai wanapata. Bwire akasema wanapata. "Sisi tulikunywaga maji yaliyotuama kwenye alama ya ukwato wa ng'ombe," mzee alisema, na hakusema kwa majigambo, alisema kama mtu anayelinganisha bei. Mimi nilikuwa na maswali yangu. Nilitaka kujua mkojo ukimbana yule wa kwanza inakuwaje. Nilitaka kujua kama macho yanauma, kama mtu akiona kutoka juu mama anaanika nguo anajua ni mama, au anaona nukta tu. Nilitaka kujua anayeendesha ndege bila kuondoka ardhini, akiulizwa na mtoto wake "Baba leo ulikuwa wapi," anajibuje. Bwire alijibu la mkojo tu: anampisha mwenzake.

Kisha Mzee Wambura aliuliza lile swali ambalo nalikumbuka hadi leo. Alisema zamani kwetu aliyetoka vitani akiwa ameua mtu hakuingia nyumbani kwake siku hiyohiyo. Alikaa pembeni. Alilishwa kwa mkono wa mwingine, maana mikono yake haikuruhusiwa kugusa chakula, hadi wazee wamsafishe. Yeye mwenyewe, aliporudi kutoka vita aliyopigana, baba yake mkubwa alimfanyia hivyo, na hapo ndipo akaweza kulala. "Sasa huyu wa kwenye kiti," alisema, "anamaliza kazi saa kumi, saa kumi na moja yuko nyumbani anampakata mtoto. Nani anamsafisha? Na yeye mwenyewe atajuaje kwamba anatakiwa kusafishwa?" Katekista, ambaye hakupenda habari za matambiko, tulidhani atapinga. Alikoroga uji wake. "Swali lako zuri, Wambura," alisema. "Ni jibu lako ndilo silitaki." Bwire akasema yeye anataka kulinda mipaka na kutafuta watu wanaozama ziwani, basi. Nilimwamini. Nafikiri hata yeye alijiamini.

Vyeti vilipelekwa. Bwire akafanya usaili mjini, akafanya na mtihani wa macho, akarudi anasema kimebaki kitu kimoja. "Dada, watakuja watu wa kuniulizia kijijini. Tabia yangu, ukoo, kama mimi ni mtu wa hapa kweli. Hawasemi siku." Basi mimi nikaanza kusubiri wageni. Niseme wazi nilichokuwa nakisubiri: gari la kijani, kubwa, lenye antena. Watu wanne waliovaa sare zilizopigwa pasi. Kwa kazi yenye heshima kama ile sikuweza kufikiri pungufu. Kila asubuhi kabla ya kwenda mwaloni nilifagia uwanja hadi mchanga ukaonyesha mistari ya ufagio. Niliazima vitambaa vya makochi kwa Mama Tabitha, nikaazima na makochi yake. Nilinunua kreti la soda nikalisukuma chini ya kitanda, na nikamwapia Nyabweke kwamba atakayegusa hata moja nitamnyoa. Wiki tatu nzima nilisikiliza barabara. Kila gari likinguruma nilivua aproni.

Wiki hizohizo kulikuwa na hofu nyingine, na hofu hiyo haikukaa chumba kimoja na furaha yangu. Mjini mpiga picha mmoja alikamatwa kwa kurusha droni bila kibali. Tajiri wa Bwire naye kibali hakuwa nacho, kwa hiyo alimwambia aifiche mashine kwetu hadi mambo yapoe. Nikaitumbukiza kwenye debe la unga wa muhogo. Na pale mwaloni doria za nyavu haramu zilikuwa zimechukua vijana wawili mwezi huo. Desturi yetu ilikuwa inajulikana na kila mtoto: mgeni akija kuulizia kijana kwa jina, kijana huyo hayupo, hakuwahi kuwepo, na kama aliwahi kuwepo alikuwa mtu wa hovyo ambaye hafai hata kutafutwa. Hatukufundishana. Tulikuwa tunajuaga tu.

Walikuja wawili kwenye bodaboda moja. Vumbi lilikuwa limewafika magotini. Mmoja alikuwa na shati lililotoka nje ya suruali, mwingine ana mkoba kama wa wale wanaotembeza dawa za minyoo. Wakaagiza uji, wakauliza bei ya sato, wakasema ni ghali. Kisha yule wa mkoba akasema, kama anayeulizia njia, "Kuna kijana hapa tunamtafuta, anaitwa Bwire. Anarushaga droni."

Nilimwangalia Mzee Wambura. Yeye ndiye aliyekuwa mtaalamu wetu wa watu wa serikali. Alinyanyua kidole kimoja juu ya goti, akatamka bila sauti: doria.

"Bwire yupi?" nilisema. "Huku Bwire wamejaa."

"Wa droni."

"Huyo hatumjui. Alikuwepo mmoja, alishahamia Buhemba kwenye dhahabu. Hata kwao hawana habari zake."

"Mvivu sana yule," alisema Majura kutoka ndani ya wavu.

"Na kunywa alikuwa anakunywa," Mama Tabitha akaongeza, kwa huruma, kama anayemsikitikia mama wa huyo kijana.

"Mtu wa hovyo," alisema Mzee Wambura. "Mkimpata, hata sisi mtatusaidia."

Yule wa mkoba alitoa daftari dogo akaandika. Nakumbuka nilijiuliza, doria tangu lini inaandika? Lakini nilikuwa nimeshashika kasi. Akamgeukia Katekista. "Na wewe mzee, unamfahamu?" Katekista Mafuru aliangalia kikombe chake. Alituangalia sisi mmoja mmoja, akamalizia kwangu. "Mimi nimekuja kunywa uji," alisema, akainuka, akaacha nusu kikombe, akaondoka kuelekea kanisani. Wale wageni walilipa, wakaondoka. Tulisubiri bodaboda ipotelee kwenye kona, kisha tukacheka kama watu waliovuka mto wenye mamba. Majura aliigiza sauti yangu. Mzee Wambura alisema jeshini angenipa cheo. Nilijisikia mama kamili. Nilikuwa nimemlinda mtoto.

Nusu saa haikufika, Katekista akarudi kwa miguu, jasho linamtoka. Hakuketi. "Nyangeta," alisema, "wale ulifikiri ni akina nani?" Nikamwambia ni doria. "Walinikuta kanisani, wakaomba maji. Wamenionyesha vitambulisho. Wametumwa na jeshi kumwulizia Bwire." Nilisikia sato wanaungua na sikuweza kunyoosha mkono. Nikamwuliza amewaambiaje. "Ukweli. Kwamba nimemfundisha dini tangu mtoto, ni kijana mwema, na huyo aliyesema hamjui ni dada yake wa kuzaliwa. Nimesema mmesema kwa hofu." Wakasemaje? "Mmoja alicheka. Mwingine hakucheka. Ndiye mwenye daftari." Nilikimbia hadi barabarani nikiwa na mwiko mkononi. Hakukuwa na mtu ila mbuzi.

Jioni nilimkuta Bwire nyumbani, amefika tangu mchana kutoka Musoma, uso unang'aa. "Dada, nilipokuwa nakuja nimepita watu wawili pale kanisani, wanaongea na Katekista. Ni wao?" Mdomo ulikuwa wangu, ulimi ulikuwa wangu. Nikasema, "Sijui." Nikampakulia ugali.

Majina yalipobandikwa, la kwake halikuwepo. Alikuja nyumbani akala taratibu, akamaliza, akanawa, ndipo akasema. "Ni Katekista. Alinichukia tangu siku ile nilivyorusha juu ya kanisa. Nilimwona kwa macho yangu akiwahesabia vidole, hivi, kama anataja makosa." Nadhani alikuwa anataja sakramenti alizomfundishia. Tonge lilikuwa mdomoni mwangu na nikaliacha humo. Ningeweza kulimeza nikasema. Nilijiambia leo ana maumivu, kesho. Kesho yake nilikwenda kwa Katekista badala ya kwenda kwa Bwire. Nikamwomba asiseme lolote, nitamwambia mwenyewe. "Lini?" akauliza. Nikasema wiki hii. Akasema, "Haya. Ni neno lako, mimi silichukui." Alikuwa mtu wa kutimiza.

Nilichofanya wiki hiyo ni kwenda Bunda. Nilifikiri nikirekebisha jambo lenyewe hakutakuwa na cha kukiri. Yule afande wa suti ya kaunda alikuwa amekuja tena kwa mama yake, kwenye nyumba ya tofali yenye sebule iliyojaa picha za watu waliovaa magwanda. Mama yake alinipa chai ya maziwa na michembe, viazi vile vilivyokaushwa, nikala kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi. Nikamweleza afande yote, hadi maneno ya Majura. Hakukasirika. Alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za kwao. "Dada yangu," alisema, "nafasi ni chache. Faili likiwa na alama ya kuuliza na jingine halina, wanachukua lisilo na alama. Hakuna aliyemwonea. Na faili limeshafungwa. Na mwakani umri umepita." Nikamwuliza kama nikiandika barua. Akasema niandike kama itanisaidia kulala.

Sikuondoka. Kwa sababu nilikuwa nimeshapoteza, nikawa huru kuuliza. Nikamwuliza hiyo kazi hasa ni nini. Akasema watu hudhani ni kurusha. "Kurusha ni kidogo. Kazi ni kutazama. Njia moja, nyumba moja, saa sita, kesho tena saa sita. Tunatafuta mtu asiyechoka kutazama kitu kimoja." Nilifikiria miaka niliyokaa ufukweni nikiwalinda dagaa dhidi ya ndege, nikajiuliza kama ningefaa. Wenzake wanaoruka kwenye ndege za kweli, alisema, huwatania kwenye sherehe, wanawaita makarani. Lakini vijana wanaokuja jeshini sasa wote wanataka kitengo hicho. Kisha nikamwuliza swali la Mzee Wambura, lile la kusafishwa. Aliweka kikombe chini. Akasema yeye ameangalia mipaka na majangili na moto wa porini tu, la zaidi hajui. "Ila hakuna aliyewahi kuniuliza hilo," alisema. "Wote wanauliza mshahara." Mama yake, aliyekuwa anafuma kwenye kona, alimtazama muda mrefu baada ya hapo, na mimi nikaaga.

Wiki ikapita, na mwezi, na nikazoea. Mtu huzoea vibaya hivyo. Bwire alifungua studio yake mwenyewe Musoma, ana kibali, ana vijana wawili, kila harusi kubwa ya Mara yuko. Yeye ndiye aliyemfundisha Nyabweke kurusha, Jumapili baada ya Jumapili, mbali na kanisa. Nyabweke alipomaliza kidato cha sita akaomba jeshi, na walipokuja kumwulizia, wawili tena, vumbi tena, Mugango nzima ilimsifu hadi wakachoka kuandika. Katekista alitembea na fimbo kuja kumsemea. Bwire siku hiyo alikaa ndani hadi mzee alipoondoka. Sasa Nyabweke anakaa kwenye chumba kile chenye baridi. Akija likizo namwuliza anatazama nini, anasema, "Kazi, Dada." Watu wanamwita rubani na hakuna anayebishana. Na miaka yote hiyo Bwire alimpita Katekista barabarani bila salamu, mtu aliyemfundisha dini, na mzee alikuwa anamsalimia yeye kwanza, kila mara, anajibiwa na vumbi la pikipiki. Mimi Katekista hakuwahi kuniuliza tena nitasema lini. Aliendelea kuja kunywa uji.

Siku ya tatu baada ya mazishi Mama Tabitha alikuja kurudisha masufuria yangu. Aliyapanga vizuri, dogo ndani ya kubwa. "Mafuru alikwenda na neno lako," alisema. "Sikulaumu, na mimi nilisema ulevi. Lakini huyo mtoto anamchukia mtu ambaye alimtetea peke yake kati yetu watano. Ananipita mimi njiani kana kwamba ni mti. Nyangeta, nimechoka kuwa mti."

Juzi nilikwenda Musoma, studio. Bwire alikuwa anakata video ya harusi, akaniagizia soda, akanipa kiti chake. Alinionyesha mashine mpya inayoona hata gizani. Nikamwambia Jumamosi ni arobaini ya Katekista, aje. Akasema hawezi, ana kazi, na hata asingekuwa na kazi asingekuja. Akasema, bila kugeuka kutoka kwenye kioo, "Mwaka ule ni wewe tu ulikuwa upande wangu, Dada." Chumbani walikuwepo vijana wake wawili. Nikasema nina neno nataka nimwambie, aje nyumbani kabla ya Jumamosi. "Sema tu hapahapa." Nikasema si la hapa. "Basi nipigie simu." Nikasema si la simu. Hapo ndipo akageuka, akaniangalia kwa makini, kama anavyoangalia upepo.

"Ijumaa," alisema. "Baada ya kazi."

Leo ni Jumatano. Nimeandika haya ili nione kama yanaandikika, na yameandikika, lakini karatasi haijamsikia Bwire na Bwire hajaisikia. Ninalodaiwa bado ninadaiwa lote, na wanaonidai ni wawili, na mmoja wao hawezi tena kupokea.